Nimechelewa kwenda CMA, nifanyeje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyakazi wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu unahusu migogoro ya kazi Tanzania Bara. Umeandikwa kwa ajili ya mlinzi wa ghala Masasi, mhudumu wa nyumba ya wageni Kilwa Masoko, dereva wa Newala, fundi wa Ruangwa, na yeyote aliyeachishwa kazi kisha akafika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, akaambiwa "muda wako umepita". Wengi hukata tamaa papo hapo wakarudi nyumbani. Wengine hudhani wakieleza tu walivyoumwa watahurumiwa. Wote wawili wanakosea, na huyu wa pili anakosea vibaya zaidi, kwa sababu anakuwa na sababu nzuri lakini anaipoteza kwa kutoipanga.

Muda wenyewe ni siku ngapi?

Kama unalalamikia kuachishwa kazi isivyo haki, ni siku 30. Migogoro mingine yote ya kazi, kama mishahara isiyolipwa, likizo au kuvunjwa kwa mkataba, ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Hiyo ni Kanuni ya 10 ya Kanuni za Taasisi za Kazi kuhusu Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007.

Hapa kuna mtego. Mtu ameachishwa na pia anadai mishahara ya miezi miwili. Anafika siku ya 45 na fomu moja yenye madai yote mawili. Mishahara iko ndani ya muda, kuachishwa kuko nje. Usikubali kufukuzwa na madai yote, lakini pia usijifanye hujachelewa kabisa. Kwa lile la kuachishwa unaomba kuongezewa muda, na lile la mishahara linaendelea kwa miguu yake.

Siku zinahesabiwaje? Jumamosi na Jumapili zimo?

Zimo. Ni siku za kalenda, si siku za kazi. Siku ya tukio haihesabiwi, siku ya mwisho inahesabiwa. Ukiachishwa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4 na ya thelathini ni tarehe 2 Aprili. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Usiitegemee sana nafuu hiyo. Nenda mapema.

Nilikata rufaa ndani ya kampuni. Muda unaanza lini?

Kanuni inataja tarehe ya kuachishwa, au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuthibitisha kwamba umeachishwa. Kwa hiyo kama taratibu za kazini kwako zina ngazi ya rufaa na uliitumia, unahesabu kuanzia barua ya majibu ya rufaa hiyo. Tunza barua zote mbili, ya kwanza na ya majibu, na uandike nyuma ya kila moja siku uliyoipokea.

Barua ya kubembeleza uliyomwandikia meneja baada ya hapo, ukiomba akufikirie tena, si rufaa. Haisogezi chochote.

Bosi alikuwa ananiambia tusubiri msimu wa korosho, tutayamaliza wenyewe. Je, siku hizo zinahesabika dhidi yangu?

Ndiyo, na hili limewaumiza wengi huku kwetu. Kazi inaisha Juni, mtu anaambiwa "vuta subira, minada ikianza Oktoba utarudi". Oktoba inafika, ghala limeajiri watu wengine. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda. Zungumzeni kadiri mnavyotaka, lakini fomu iwe imeshafika Tume. Kufungua mgogoro hakuzuii kupatana. Hatua ya kwanza kabisa pale Tume ni usuluhishi, yaani kupatana kwenyewe, mbele ya msuluhishi na kwa maandishi.

Nimeshachelewa. Ndiyo basi?

Hapana. Kanuni ya 11 inaruhusu kuomba Tume ikupokee nje ya muda. Mawakili wanaita "kondonesheni", usiogope neno. Unajaza fomu ya kufungua mgogoro, CMA F1, na fomu ya maombi ya kuchelewa, CMA F2, na unaziwasilisha pamoja, ukiambatisha kiapo (maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia) na vielelezo. Mwajiri anapewa nakala, na unabaki na uthibitisho kwamba amepokea. Tume haitozi ada. Ofisi ziko Mtwara mjini na Lindi mjini.

Usipeleke F1 peke yake ukitumaini hakuna atakayehesabu siku. Mwanasheria wa mwajiri huhesabu siku kabla hajasoma hata jina lako.

Msuluhishi anaangalia nini?

Kanuni inataka ueleze umechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, una nafasi gani ya kushinda mgogoro wenyewe, upande wa pili utaumia vipi ukiruhusiwa, na jambo lingine lolote la maana. Juu ya hayo, wasuluhishi na majaji hurejea sana uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010. Uamuzi huo unasema mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, aonyeshe bidii na si uzembe, na mahakama inaweza kuangalia sababu nyingine nzito kama vile uharamu, yaani ukiukwaji wa sheria, katika uamuzi unaolalamikiwa.

Katika hayo yote, linaloua maombi mengi ni lile la kueleza kipindi chote cha kuchelewa. Kuhusu nafasi ya kushinda huhitaji kuthibitisha kesi nzima. Ambatisha mkataba au kitambulisho cha kazi na barua ya kuachishwa, useme kwa mistari michache ni nini hakikufuatwa. Labda hukuitwa kwenye kikao cha nidhamu, au sababu haikutajwa. Inatosha. Nguvu zako zote ziende kwenye kalenda.

Wanaposema "eleza kila siku", wanamaanisha kila siku kweli?

Wanamaanisha. Mahakama ya Rufani imeshasema kuchelewa hata kwa siku moja lazima kuelezwe.

Tuchukue mfano. Mlinzi wa ghala Masasi ameachishwa tarehe 3 Machi. Siku yake ya mwisho ni 2 Aprili. Amefika Tume tarehe 28 Aprili. Amechelewa siku 26. Sababu yake ni kwamba alilazwa hospitali ya Ndanda. Ana karatasi. Kwa macho ya haraka ni kesi rahisi.

Sasa tuzipange. Alilazwa tarehe 20 Machi, akaruhusiwa tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo hospitali inaeleza siku tatu tu za kuchelewa: tarehe 3, 4 na 5. Daktari aliandika apumzike siku saba, nazo ni tarehe 6 hadi 12. Tarehe 13 alisafiri kurudi kwao Nanyumbu, na tarehe 14 alikwenda kumwona mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mpaka hapo tumepata maelezo ya siku 12. Kuanzia tarehe 15 hadi 27, siku 13, kiapo chake kinasema: "baada ya hapo nilikuwa nafuatilia". Tarehe 28 akawasilisha.

Hizo siku 13 ndizo zitakazomwangusha. Hakuna atakayebisha kwamba aliumwa. Watamuuliza mgonjwa aliyepona alikuwa anafanya nini. Huenda mwakilishi alikuwa safarini Dar es Salaam. Basi mwakilishi aape hivyo, na tiketi iambatishwe. Huenda alikuwa anasubiri mwajiri ampe nakala ya mkataba. Basi barua au ujumbe wa simu wa kuuomba uwekwe. Kama hapakuwa na lolote, maombi yana shimo, na ufundi wa kuandika hautalifukia.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kila anayepiga simu akisema amechelewa ni uleule: chukua daftari, andika tarehe moja kila mstari kuanzia siku muda ulipokwisha hadi leo, na mbele yake uandike ulikuwa wapi na karatasi gani inaonyesha hivyo. Mistari iliyobaki mitupu ndiyo kazi yako ya wiki hii. Na kumbuka kila siku unayoitumia kutafuta karatasi nayo inaongeza mstari. Kama karatasi moja inachelewa, wasilisha ulizo nazo.

Siku zilizo ndani ya zile 30 hazihesabiwi kama kuchelewa. Lakini zitaje kwa kifupi, maana picha ya mtu aliyeanza kuugua tarehe 20 ni tofauti na ya mtu aliyekaa tu hadi siku ya mwisho.

Niliumwa lakini sikulazwa. Nilitibiwa kwa mganga wa kienyeji.

Ugonjwa ni sababu inayokubalika ukithibitishwa, na ukionyesha kwamba ulikuzuia. Cheti kinachosema ulihudhuria kliniki tarehe 10 na 24 kinaeleza tarehe 10 na 24. Hakielezi siku 13 za katikati, isipokuwa daktari ameandika kwamba hukuweza kutembea au kufanya shughuli.

Kwa mganga, mambo ni magumu ila hayajafungwa. Neno lako peke yako halitoshi. Mganga mwenyewe aape, aseme ulikaa kwake kuanzia lini hadi lini na katika hali gani. Kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, aambatishe usajili wake. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia. Kiapo cha aliyekuuguza kinasaidia zaidi.

Mvua zilikata barabara.

Kusini tunaijua hii. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu eneo la Somanga, magari yalikwama pande zote. Ni jambo linalojulikana na halihitaji ushahidi mwingi. Kinachohitaji ushahidi ni kwamba lilikukwamisha *wewe*. Mtu wa Kilwa Masoko anayekwenda Lindi mjini hapiti Somanga. Somanga iko kaskazini, yeye anaelekea kusini. Msuluhishi wa Lindi anaijua barabara hiyo kuliko wakili wako. Bali aliyekuwa Dar es Salaam kwa matibabu akashindwa kurudi, huyo ana hoja, aonyeshe tiketi ya basi lililoahirishwa. Anayetoka Liwale wakati wa masika naye ana hoja, akieleza ni njia ipi aliyotarajia kupita, ilifungwa lini na ikapitika lini. Ikapitika lini ndilo swali. Barabara ikifunguka Jumatatu nawe ukafika Ijumaa ya wiki iliyofuata, tumerudi kwenye daftari.

Nilikuwa kwenye msiba wa mama. Hatutoki kabla ya arobaini.

Pole sana. Msiba wa karibu unaeleweka, lakini Tume haitahesabu siku 40 zote kwa sababu tu ndiyo mila. Mazishi, safari ya kwenda na kurudi, siku za mwanzo za matanga, hizo zieleze kwa barua ya mtendaji au kibali cha mazishi. Kama wewe ndiye mkubwa wa familia na ulikuwa na majukumu ya kisheria, kama kusimamia kikao cha ukoo cha kuteua msimamizi wa mirathi, weka muhtasari wa kikao. Zaidi ya hapo, tuma mtu. Fomu inaweza kupelekwa na mwakilishi wako.

Sikujua kama kuna siku 30. Na nauli sikuwa nayo.

Kutojua sheria si sababu. Mahakama zimelisema hilo mara nyingi. Ukosefu wa fedha nao kwa kawaida haukubaliwi peke yake, hasa kwa sababu Tume ni bure. Usiujenge utetezi wako juu ya hayo mawili. Tafuta sababu nyingine iliyokuwapo kweli.

Wakili wangu ndiye aliyechelewesha.

Uzembe wa wakili huhesabiwa kuwa wako. Ukiweza kuonyesha kwamba ulimfuatilia mara kwa mara, na ulipoona hafanyi kitu ulichukua hatua mara moja, unakuwa na la kusema. Vinginevyo unabaki na kesi dhidi ya wakili.

Mwajiri alinipeleka polisi kwa wizi. Nilisubiri kesi iishe kwanza.

Hapa watu wanapotoka kwa sababu wanajua nusu ya sheria. Ni kweli Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kukuadhibu kinidhamu kwa kosa lilelile uliloshtakiwa nalo mahakamani mpaka kesi iishe. Lakini kama ameshakuachisha, ameshakuachisha, kwa haki au bila haki, na siku zinakimbia. Tena kuachishwa huko kinyume cha katazo hilo ni hoja yako nzuri ya kushinda. Usiiozeshe kwa kusubiri hukumu ya jinai miaka miwili.

Aliyekuwa mahabusu ana sababu ya kweli kwa siku zile alizokuwa ndani. Aombe barua ya gereza au nakala ya mwenendo wa kesi yenye tarehe ya kuingia na ya kupata dhamana. Baada ya dhamana, saa inamhesabu kama mtu mwingine.

Nilifungua ndani ya muda, kesi ikaondolewa kwa kasoro za fomu. Sasa nimechelewa.

Hii ndiyo hali yenye matumaini kuliko zote. Tangu shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija, lililoripotiwa 1997, Mahakama ya Rufani inatofautisha kuchelewa halisi na kuchelewa kwa kiufundi. Uliyekuja mapema ukaangushwa na kasoro ya karatasi hutendewi kama uliyelala. Muda wote kesi ile ilipokuwa inaendelea unaelezwa kwa nakala ya uamuzi wa kuiondoa. Sharti lake: baada ya kuondolewa urudi upesi. Aliyerudi ndani ya siku chache anasikilizwa. Aliyerudi baada ya miezi mitatu amegeuza kuchelewa kwa kiufundi kuwa kuchelewa halisi kwa mkono wake mwenyewe.

Soma vizuri neno lililotumika katika uamuzi. "Kuondolewa" kunakuachia mlango wa kurudi. "Kutupiliwa mbali" kunakupeleka kwingine.

Kiapo kiandikweje?

Kwa Kiswahili, kwa aya fupi zenye namba, kila aya jambo moja na tarehe yake. Usihutubie ndani ya kiapo. Mambo ya "haki isiyochelewa" yaache kwa ajili ya hoja. Ukimtaja mtu mwingine kwa jambo la msingi ("kaka yangu alikwenda Tume tarehe 16 akakuta nguvu za umeme hazipo"), kaka huyo naye aape, la sivyo aya hiyo ni maneno ya kusikia na haitazingatiwa. Angalia mwishoni: jina la aliyekushuhudia kiapo, mahali na tarehe. Viapo vingi vimeanguka kwa tarehe iliyosahaulika pale chini, na hiyo ni aibu ya bure.

Kama mwajiri hakusema chochote kuhusu kuchelewa, nimepona?

Hujapona. Suala la muda linagusa mamlaka ya Tume kusikiliza mgogoro, na linaweza kuibuliwa hata Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, baada ya wewe kushinda. Mwenendo wote unafutwa. Afadhali uombe mwenyewe mwanzoni.

Mimi ni mtumishi wa umma, halmashauri. Haya yananihusu?

Simama kwanza. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2016, mtumishi wa umma lazima amalize njia za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kutumia sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo katika shauri la Shirika la Posta Tanzania. Ukikimbilia CMA unaweza kukuta unapoteza muda wa kule unakotakiwa kwenda.

Tuzo (uamuzi wa mwisho wa Tume) imetoka, nimeshindwa. Nina muda gani?

Wiki sita tangu ulipopewa tuzo, kuomba marejeo Mahakama Kuu, yaani kuiomba iipitie tuzo hiyo. Kwa watu wa Mtwara na Lindi ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Weka saini na tarehe siku unayoichukua tuzo, na upige picha ukurasa huo. Ukichelewa, huombi tena kwa fomu F2. Unaomba mahakamani kwa Kanuni ya 56 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi, Tangazo la Serikali Na. 106 la 2007, kwa kiapo, na kwa kuonyesha sababu ya msingi. Daftari ni lilelile. Hapo pia unaweza kuinua hoja ya uharamu katika tuzo, lakini uwe unaoonekana waziwazi kwenye kumbukumbu, usiohitaji mtu kuchimba kurasa mia kuupata.

Msuluhishi amekataa maombi yangu. Na kama angekubali, mwajiri angeweza kupinga?

Akikataa, mgogoro wako umefikia mwisho pale Tume, kwa hiyo unaweza kwenda Mahakama Kuu kwa marejeo. Tumia zilezile wiki sita. Akikubali, mwajiri hana pa kukimbilia kwa wakati huo, kwa kuwa uamuzi wa kukuruhusu haumalizi mgogoro. Atasubiri tuzo ya mwisho ndipo alalamike kuhusu yote kwa pamoja. Kwa hiyo ukishinda maombi ya muda, usilitupe lile faili la vyeti, tiketi na barua za mtendaji. Unaweza kuulizwa tena kuhusu siku zilezile, mbele ya jaji.